Nyaatha: Maisha ya Mwenye Heri Irene Stefani



Kamati ya jubilei iliniomba niandike juu ya mtu ambaye maisha yake yanaweza kutufundisha namna ya kumsaidia maskini bila kumwaibisha. Sikutafuta mbali. Upande wa pili wa Mlima Kenya, kule Nyeri, aliishi mtawa ambaye watu walimwita Nyaatha, yaani mama mwenye huruma. Wengi wetu tunalijua jina lake, lakini si wote wanaoijua safari yake.

Utoto na wito

Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1891 katika kijiji cha Anfo, jimbo la Brescia, kaskazini mwa Italia. Wazazi wake walimwita Mercede. Ilikuwa familia kubwa ya watoto kumi na wawili, na tangu akiwa msichana alizoea kuwatembelea wagonjwa na wazee wa kijiji chao.

Mwaka 1911 alijiunga na Masista Wamisionari wa Konsolata mjini Torino. Shirika hilo lilikuwa changa kabisa. Lilianzishwa mwaka 1910 na Padre Giuseppe Allamano, ambaye leo ni mtakatifu, kwani alitangazwa mwezi Oktoba 2024. Mapadre wa Konsolata walikuwa wameingia Kenya mwaka 1902, wakaanzia Tuthu, Murang'a, na baadaye wakavuka hadi huku kwetu Meru. Kwa hiyo Irene si mgeni kwetu. Ni wa ukoo ule ule ulioleta imani yetu, na hata jina la hospitali ya Nkubu linatukumbusha jambo hilo.

Alipovaa vazi la kitawa mwaka 1912 alipewa jina Irene, maana yake amani. Aliweka nadhiri Januari 1914, na mwishoni mwa mwaka huo akapanda meli. Alifika Mombasa Januari 1915, akiwa na miaka ishirini na mitatu.

Kwa wapagazi wa vita

Alikuta nchi imeingia vitani. Waingereza na Wajerumani walikuwa wakipigana Afrika Mashariki, na kwa kuwa barabara zilikuwa chache, mizigo ya jeshi ilibebwa na binadamu. Vijana walichukuliwa vijijini kwa nguvu wakafanywa wapagazi. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao si kwa risasi bali kwa njaa, homa na kuhara. Ukipita Kariokor Nairobi, au Kariakoo Dar es Salaam, unatamka jina la kikosi chao.

Irene alipelekwa kuwauguza. Alianza Voi, halafu akaenda Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Tusifikirie hospitali kama tunazozijua leo. Yalikuwa mabanda makubwa, wagonjwa wamelala wamebanana, vidonda vimeoza, dawa hazitoshi. Kwa jeshi, mpagazi alikuwa kama punda aliyechoka. Akifa, alipelekwa ufukweni pamoja na maiti wengine.

Yeye aliwaosha vidonda, akawalisha, akajifunza kusema nao. Inasimuliwa kwamba siku moja alirudi kitandani kwa mgonjwa aliyekuwa akimfundisha dini, akaambiwa amekwisha kufa na kutolewa nje. Irene hakukubali. Alikwenda ufukweni jioni hiyo, akatafuta kati ya miili mpaka akamkuta, naye alikuwa bado anapumua. Alimbatiza kama alivyotaka.

Mimi huisoma habari hiyo kama mwalimu, na hujiuliza somo lake ni lipi. Naona ni hili: kila mtu mwingine alimhesabu yule mpagazi ndani ya fungu. Irene alikuwa akimtafuta mtu mmoja, ambaye alikuwa amezungumza naye jana yake.

Miaka kumi Gikondi

Vita vilipokwisha alirudi, na kuanzia mwaka 1920 akawekwa Gikondi, Mukurwe-ini, nchi ya vilima na mabonde kama hii yetu. Alikaa huko mpaka kufa. Alifundisha shuleni na katekisimu, na muda uliobaki alitembea. Alivaa viatu vizito, akapanda na kushuka mabonde, akienda nyumba kwa nyumba. Aliwasaidia kina mama kujifungua, akawahudumia wagonjwa na wazee ambao hawakuwa na mtu.

Kati ya kazi zake iko moja ambayo haionekani kuwa kubwa. Wakati huo vijana wengi walikuwa wameondoka kwenda kutafuta kazi mijini, na wazazi wao hawakujua kusoma wala kuandika. Irene akawa mwandishi wao wa barua. Mama alikaa karibu naye, akasema aliyotaka mwanawe ayajue, naye akaandika. Jibu lilipokuja, alimsomea.

Tazameni msaada huo. Haukugharimu shilingi nyingi. Uligharimu muda na masikio. Tena uliacha neno liwe la yule mama mwenyewe. Hakuambiwa la kusema kwa sababu ni maskini. Alibaki mama mwenye mwana, mwenye habari na mwenye mashauri ya kumpa.

Ndiyo maana watu wa Gikondi hawakumwita Sista Mzungu wala mfadhili. Walimpa jina la Kikuyu, Nyaatha, kama anavyopewa mtu wa nyumbani.

Kifo chake

Mwezi Oktoba 1930 tauni iliingia sehemu za Gikondi. Irene alikuwa ametoka mafungo ya kiroho, na huko alikuwa ameyatoa maisha yake kwa Mungu kwa ajili ya utume. Mwalimu mmoja wa shule aliugua, na watu waliogopa kumkaribia. Irene alimwuguza kwa mikono yake, na yule mwalimu akafa. Siku chache baadaye ugonjwa ukamshika yeye mwenyewe. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930, akiwa na miaka thelathini na tisa. Waliomjua walisema si tauni iliyomwua, ni upendo.

Mwaka 1989, wakati wa vita vya Msumbiji, waumini waliokimbilia kanisani Nipepe walimwomba awaombee. Maji machache yaliyokuwa katika gogo la ubatizo yaliwatosha watu wote kwa siku kadhaa, na mtoto wa kike aliyezaliwa humo aliitwa Irene. Kanisa lilipokea muujiza huo, na tarehe 23 Mei 2015 akatangazwa Mwenye Heri mjini Nyeri, ibada ikiongozwa na Kardinali Polycarp Pengo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa tendo kama hilo kufanyika katika ardhi ya Kenya.

Sisi wa leo

Sasa niruhusuni niseme jambo linalonihusu. Krismasi moja tuligawa unga, maharagwe na mablanketi katika uwanja wa kanisa. Mimi kama katibu ndiye niliyesoma majina kwa kipaza sauti, na mimi ndiye niliyepiga picha na kuzituma katika kikundi chetu cha simu. Nyanya mmoja alijifunika uso kwa leso alipoitwa. Baada ya hapo hakuonekana kanisani kwa muda mrefu. Nilipokwenda kumwona alinikaribisha vizuri, akanipikia chai, akashukuru kwa unga. Kisha akanieleza kwamba wajukuu wake waliiona ile picha shuleni kwao, katika simu ya mtu, na walichekwa. Angalilala njaa, alisema, kuliko wale watoto waaibike.

Nilimwomba msamaha, naye akanisamehe. Lakini chai ile sijaisahau. Nilikuwa nimemsaidia mtu ambaye sikuwa nimewahi kukaa kwake.

Jubilei katika Biblia, Mambo ya Walawi sura ya 25, ulikuwa mwaka wa mtu kurudishiwa shamba lake na kurudi kwa jamaa yake. Haukuwa mwaka wa kugawa makombo. Mtu alirudishiwa nafasi yake kati ya watu.

Kwa hiyo kwaya imekubaliana hivi. Sehemu ya matoleo ya siku hii iliyotengwa kwa wahitaji haitagawiwa uwanjani. Haitasomwa orodha wala kupigwa picha. Wanakwaya wawili wawili, wakiongozwa na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, watafika nyumbani, wakae, wasikilize kwanza. Huenda mwenye nyumba hahitaji unga. Huenda anahitaji mtu wa kumpalilia shamba, wa kumjazia fomu ya basari ya mtoto, au wa kumsindikiza hospitali. Naye akiwa na kitu cha kutupa, iwe ndizi au chai, tutapokea kwa mikono miwili.

Kila tarehe 31 Oktoba Kanisa humkumbuka Nyaatha. Mwaka huu siku hiyo ikifika, natumaini kila sauti ya kwaya hii itakuwa imeshaingia katika nyumba moja ambayo haikuwa ikiijua.

Mwenye Heri Irene Stefani, utuombee. Jubilei njema kwenu nyote.

Katibu wa Kwaya
Kanyakine