Harriet Tubman: mama mwenye kifafa, na wenzake waliomungojea

Ndugu wachimbaji, na mama zetu wa nyumbani, leo tuongee juu ya kifafa kupitia maisha ya mutu mumoja.

Harriet Tubman alizaliwa mutumwa huko Maryland, Marekani, karibu mwaka wa 1822. Alipokuwa kijana, siku moja kapita alimutuma asaidie kufunga mutumwa mwenzake aliyekuwa anatoroka. Harriet akakataa. Kapita akarusha chuma cha mizani, karibu kilo moja, kwa yule anayekimbia. Kikamupiga Harriet kichwani. Walimurudisha shambani, damu ingali inatoka.

Toka siku ile, katikati ya kazi ao mazungumuzo, alikuwa anasinzia gafula. Akiamuka, anaendelea pale alipoachia. Waliochunguza maisha yake wanafikiri ilikuwa kifafa kilicholetwa na pigo lile. Sisi tunajua tu kile cha kuanguka na kutetemeka. Lakini kuko kingine: mutu anakodoa macho sekunde chache, hasikii. Ao mukono mumoja tu unarukaruka. Ao anatafuna bure na kushikashika nguo.

Mwaka wa 1849 alitoroka. Kisha akarudi karibu mara 13, akatoa watu karibu 70, hakupoteza hata mumoja. Mara ingine usingizi ule ulimukamata njiani, usiku, adui wakiwatafuta. Wenzake walikaa, wakangoja aamuke, safari ikaendelea. Mwaka wa 1863, wakati wa vita, aliongoza askari kwenye muto Combahee, na watumwa zaidi ya 700 wakapata uhuru. Alikufa tarehe 10 Machi 1913, muzee wa miaka 90 hivi.

Na kwetu je? Kwenye shimo moja, kijana mwenzetu aliangukiwa na jiwe kichwani. Kisha miezi, akaanza kukodoa macho, halafu kuanguka. Ekipe ikasema ni ulozi, wakamufukuza mikono mitupu.

Kifafa hakiambukizi, hata kwa mate. Mutu akianguka, toa mawe karibu naye, umulalishe ubavu, usimutie kijiko mudomoni. Ikipita dakika 5, mumukimbize hopitali. Dawa ziko, za kumeza kila siku. Asishuke shimoni mpaka munganga aruhusu, lakini apewe kazi ya juu, na fungu lake.

Wenzake Harriet walikuwa wanawindwa, na bado walimungojea. Sisi tunashindwa na nini?