Jenerali wa Mafuta ya Kiboko

Ukipanda matatu hapo Voi kuelekea Taveta, ukishapita Mwatate, Bura na Maktau, usilale. Karibu na Taveta kuna kilima kidogo, Salaita. Tarehe 12 Februari 1916, wanajeshi wa upande wa Uingereza, wengi wao kutoka Afrika Kusini, walichapwa hapo na askari wa Mjerumani mmoja, Paul von Lettow-Vorbeck. Watu humsifu kwa mbinu za vita. Mimi nataka tuongelee msosi wake.

Jamaa alizaliwa Saarlouis, Ujerumani, 1870. Alikuwa jeshini Namibia wakati Waherero wanaangamizwa, kwa hivyo usimshangilie haraka. Januari 1914 alitua Dar es Salaam. Agosti vita vikaanza, watu wake wakaiteka Taveta. Waingereza nao wakajenga reli kutoka Voi ili wamfuate, na Machi 1916 wakamtoa. Akaanza kurudi nyuma, kusini, miaka karibu mitatu porini. Meli za Uingereza zilikuwa zimefunga bahari. Ngano, dawa, karibu kila kitu cha Ulaya kikakatika.

Sasa mapishi. Mkate ukawa wa muhogo, mahindi, mtama na viazi vitamu. Mafuta ya kupikia yalitoka kwa kiboko! Huko Rufiji na Ruvuma waliwinda viboko, na mmoja aliyenona alitoa zaidi ya ndoo mbili za mafuta. Tembo naye hakuachwa. Asali ya porini ikashika nafasi ya sukari. Malaria ilipozidi walichemsha maganda ya mti wa kwinini wakapata dawa chungu sana, wenyewe wakaibatiza pombe ya Lettow. Kama ulilazimishwa kunywa mwarobaini utotoni, unaelewa.

Kinachonichekesha ni kwamba Mzungu akila muhogo anaitwa shujaa. Nyanya yangu amesonga kimanga cha muhogo na maharagwe maisha yake yote, na hakuna aliyemwandikia kitabu.

Halafu jiulize huo unga ulitoka wapi. Ulichukuliwa vijijini, na si na Wajerumani pekee. Majeshi yote mawili yalibeba nafaka, mifugo na vijana wa kuwa wapagazi. Kule Ugogo, karibu na Dodoma, njaa iliyofuata inaitwa Mtunya hadi leo, na waliokufa wanakadiriwa kufika 30,000. Wapagazi walibeba chakula vichwani huku wao wenyewe wakifa kwa njaa na kuhara.

Hapa kwetu, watu wa Kasigau hawakula kiboko wala hawakupiga risasi. Mwaka 1915 Waingereza waliwashuku kwamba wanawasaidia Wajerumani, wakawang'oa mlimani, mashamba yakabaki, wakapelekwa Malindi. Wengi walifia huko kwa njaa na magonjwa.

Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn, sasa Mbala, Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kuisha Ulaya. Berlin ilimpokea kwa gwaride. Akawa mbunge, akaandika vitabu, akafa Hamburg Machi 1964 akiwa na miaka 93. Wakasigau waliobaki hai walisubiri miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kurudi kulima mlima wao.