Michael Graham (mtaalamu wa uvuvi)

Michael Graham (1898 – 1972) alikuwa mwanabiolojia wa uvuvi kutoka nchini Uingereza. Katika Afrika ya Mashariki anakumbukwa kama kiongozi wa utafiti wa kwanza wa kisayansi kuhusu uvuvi wa Ziwa Viktoria, uliofanyika mwaka 1927 na 1928. Ndiye aliyempa samaki aitwaye ngege jina lake la kisayansi, na ndiye aliyependekeza kiwango cha chini cha macho ya nyavu katika ziwa hilo. Aidha alionya juu ya hatari ya kupandikiza samaki mkubwa mla samaki kutoka maji mengine. Onyo hilo halikufuatwa, na matokeo yake yanaonekana hadi leo katika kila mwalo wa ziwa hilo, kuanzia Kisumu na Jinja hadi Musoma, Bunda na Mwanza.

Huko Ulaya anajulikana zaidi kama mkurugenzi wa maabara ya uvuvi ya Lowestoft, ambako nadharia nyingi za kisasa kuhusu uvuvi wa kupita kiasi zilijengwa.

== Kazi ya awali ==

Graham alianza kazi katika maabara ya serikali iliyopo Lowestoft, mji wa wavuvi ulioko pwani ya mashariki ya Uingereza, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Maabara hiyo ilichunguza samaki wa Bahari ya Kaskazini: umri wao, mahali wanapotaga mayai, na idadi inayovuliwa kila mwaka.

Vita vilikuwa vimewapa wanasayansi funzo ambalo wasingeweza kulipata kwa njia nyingine. Kwa miaka minne meli nyingi za uvuvi zilishindwa kwenda baharini kwa sababu ya mabomu na manowari. Vita vilipokwisha wavuvi walikuta samaki wengi na wakubwa kuliko hapo awali. Baada ya miaka michache ya kuvua kwa nguvu, samaki wakapungua tena. Swali la kwa nini ilikuwa hivyo ndilo lililomshughulisha Graham sehemu kubwa ya maisha yake.

== Utafiti wa Ziwa Viktoria ==

=== Sababu za utafiti ===

Kabla ya ukoloni wakazi wa kando ya ziwa walivua kwa mitego ya kusuka, uzio wa matete, ndoano na nyavu za nyuzi za mimea. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na mwaka 1905 nyavu za makila za kiwandani ziliingizwa katika Ghuba la Kavirondo, ambalo leo huitwa Ghuba la Winam. Kwa mara ya kwanza samaki wa ziwani waliweza kusafirishwa hadi soko la Nairobi.

Samaki aliyetafutwa zaidi alikuwa ngege, kwa kuwa nyama yake ni tamu na alipatikana karibu na ufuko. Katika miaka ya 1920 ilionekana wazi kwamba kila wavu ulikuwa ukinasa samaki wachache kuliko zamani. Serikali za Kenya, Uganda na Tanganyika, zote zikiwa chini ya Uingereza, zilitaka kujua sababu. Graham alitumwa kutoka Lowestoft kuongoza uchunguzi huo. Msaidizi wake alikuwa Edgar Barton Worthington, kijana aliyekuwa ametoka Chuo Kikuu cha Cambridge, ambaye baadaye alichunguza maziwa mengine mengi ya Afrika.

=== Matokeo ===

Watafiti walizunguka ziwa wakitega nyavu za macho ya ukubwa mbalimbali, wakipima kina na joto la maji na kukusanya samaki wa kila aina. Vielelezo vilipelekwa kwenye jumba la makumbusho la London. Huko Ethelwynn Trewavas, mmoja wa wanawake wa kwanza kupata sifa kubwa katika elimu ya samaki, alishiriki kuvichambua. Spishi moja ya furu aliipa jina Haplochromis michaeli kwa heshima ya Graham.

Mwaka 1928 Graham mwenyewe alimweleza ngege kama spishi ya pekee na kumwita Tilapia esculenta. Neno la pili ni la Kilatini, nalo lina maana ya kitu kinachofaa kuliwa. Siku hizi samaki huyo huitwa Oreochromis esculentus. Hula mimea midogo sana inayoelea majini, na jike huatamia mayai na watoto wake kinywani. Kwa sababu hutunza watoto wachache badala ya kumwaga mayai mengi majini, ngege hawezi kurudisha idadi yake haraka akivuliwa kupita kiasi.

Taarifa kamili ilichapishwa mwaka 1929. Ilikuwa na mapendekezo mawili yenye uzito wa pekee.

La kwanza lilihusu nyavu. Graham alishauri macho ya nyavu za makila yasipungue inchi 5, yaani takriban milimita 127, ili ngege apate kuzaa kabla ya kunaswa.

La pili lilihusu samaki wageni. Wakati huo palikuwa na wazo la kuleta ziwani samaki mkubwa mla samaki, ili ageuze furu wadogo wasio na bei kuwa nyama yenye thamani sokoni. Graham alieleza kwamba kufanya hivyo kungekuwa na hatari kubwa mno, isipokuwa kama utafiti mpana ungetangulia kuonyesha nini kingetokea. Hakusema kwamba jambo hilo lisifanyike kamwe, bali alitaka elimu itangulie tendo, kwa kuwa samaki akishaachiwa ziwani hakuna njia ya kumtoa.

== Nadharia ya uvuvi ==

Aliporudi Lowestoft Graham aliendelea na swali lake la zamani. Mwaka 1935 alichapisha makala iliyotumia mkunjo wenye umbo la herufi S kueleza ukuaji wa akiba ya samaki. Samaki wakiwa wachache sana, wazazi ni wachache na ongezeko ni dogo. Wakiwa wengi sana, chakula hakitoshi na ongezeko linapungua pia. Ongezeko kubwa zaidi hupatikana katikati. Kwa hiyo wavuvi wanaovua kupita kiasi wanaweza kupunguza kazi na gharama zao, na baada ya muda wakapata samaki wale wale au hata zaidi.

Katika kitabu chake The Fish Gate, kilichotoka mwaka 1943, alilifupisha wazo hilo kuwa kanuni moja: uvuvi usiowekewa mipaka huishia kukosa faida. Kila mvuvi akiona mwenzake amepata, huongeza chombo au wavu, mpaka wote wanafanya kazi nyingi kwa mapato madogo. Graham hakuwalaumu wavuvi kwa uchoyo. Aliona kwamba hata mtu mwadilifu hana sababu ya kujizuia ikiwa samaki atakaowaacha watachukuliwa na jirani.

== Uongozi wa maabara ==

Graham alikuwa mkurugenzi wa utafiti huko Lowestoft kuanzia mwaka 1945 hadi 1958. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimeipumzisha tena Bahari ya Kaskazini. Mwaka 1946 nchi kadhaa zilitia sahihi mkataba mjini London kuhusu ukubwa wa macho ya nyavu na urefu wa samaki wanaoruhusiwa kuuzwa. Ilihitajika elimu ya hesabu ili kujua viwango hivyo viwe vipi.

Aliwakabidhi kazi hiyo vijana wawili, Raymond Beverton na Sidney Holt. Kitabu chao kikubwa cha mwaka 1957 kuhusu mabadiliko ya idadi ya samaki wanaovuliwa kingali msingi wa masomo ya sayansi ya uvuvi katika vyuo vikuu duniani.

Baada ya kustaafu Graham alishughulikia ardhi iliyoharibiwa na machimbo ya makaa ya mawe huko kaskazini-magharibi mwa Uingereza, akijaribu kuirudishia majani na mifugo. Alikuwa ameandika pia kuhusu kilimo na utunzaji wa udongo katika kitabu Soil and Sense cha mwaka 1941. Alifariki mwaka 1972.

== Yaliyotokea Ziwa Viktoria baadaye ==

Kiwango cha inchi 5 kiliwekwa kuwa sheria katika miaka ya 1930, lakini kukisimamia katika ziwa lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800 kulikuwa kugumu. Amri ilitoka juu, na wavuvi wenyewe hawakuwa na sauti katika kuitunga. Nyavu za nailoni, ambazo hunasa zaidi na hudumu zaidi, zilienea katika miaka ya 1950. Kadiri ngege walivyopungua, wavuvi walihamia kwenye nyavu za macho madogo ili wapate spishi nyingine. Kati ya miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 nchi zote tatu zilikuwa zimeacha kiwango hicho.

Katika miaka hiyohiyo mjadala wa sangara ulipamba moto. Maofisa wa uvuvi wa Uganda waliunga mkono kumleta. Baadhi ya wanasayansi wa kituo cha utafiti cha Jinja, akiwemo Geoffrey Fryer katika makala ya mwaka 1960, walipinga. Hata hivyo sangara (Lates niloticus) aliingizwa upande wa Uganda katika miaka ya 1950, na wengine zaidi waliachiwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sato (Oreochromis niloticus) naye aliletwa katika kipindi hicho na kushindana na ngege kwa chakula na mazalio.

Kwa takriban miaka ishirini sangara hawakuonekana kuwa wengi. Katika miaka ya 1980 waliongezeka ghafla. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi, waliokuwa wakichunguza furu huko Mwanza tangu mwaka 1977, waliona nyavu zao zikibadilika kutoka kujaa furu hadi kujaa sangara. Inakadiriwa kwamba spishi 200 hivi za furu zilitoweka au zilikaribia kutoweka. Uchafuzi wa maji na upungufu wa oksijeni vilichangia pia. Ngege karibu atoweke katika ziwa kuu. Amebaki katika maziwa madogo ya pembeni kama Kanyaboli nchini Kenya, naye amo katika orodha ya viumbe walio hatarini kabisa.

Upande wa pili, sangara alileta fedha. Viwanda vya minofu vilijengwa Musoma, Mwanza na miji mingine, na maelfu ya watu walipata kazi. Kwa kuwa minofu yake huuzwa hasa nchi za nje, familia nyingi za kando ya ziwa sasa hutegemea dagaa kama kitoweo. Kwa mtu wa Nyakato mjini Musoma aendaye sokoni, samaki wa kawaida ni sangara, sato na dagaa, na ngege wamebaki zaidi katika kumbukumbu za wazee.

== Umuhimu wake ==

Sangara naye amepungua kwa sababu ileile aliyoieleza Graham: vyombo vingi na nyavu za macho madogo. Kiwango cha macho ya nyavu kimerudi katika sheria za uvuvi za Tanzania, Kenya na Uganda. Mwaka 2018 serikali ya Tanzania iliendesha Operesheni Sangara, ambamo nyavu haramu ziliteketezwa kwa moto, na wavuvi wengi walilalamikia hasara waliyopata.

Tangu miaka ya 1990 vikundi vya usimamizi wa mialo vimeanzishwa ili wavuvi washiriki kulinda ziwa, jambo ambalo halikuwemo katika mfumo wa kikoloni wa wakati wa Graham. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI), iliyoanzishwa mwaka 1980, huendelea kupima akiba ya samaki wa ziwa hilo. Maonyo ya mwaka 1929 hutajwa mara kwa mara katika mafunzo ya uhifadhi kama mfano wa ushauri wa kitaalamu uliotolewa mapema lakini haukufuatwa.