Josh Gibson: Mfalme wa homurani aliyefungiwa mlango wa ligi kuu

Na Mwandishi Wetu

WATU wa Mbulu na Hanang hawahitaji kufundishwa thamani ya rekodi michezoni. John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu, alimaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 akiwa wa mwisho kati ya wakimbiaji 57 waliofika, mguu umefungwa bandeji, na hata hivyo muda wake ulipimwa na jina lake likaandikwa. Gidamis Shahanga wa Hanang aliwashangaza wengi alipotwaa dhahabu ya marathoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton mwaka 1978.

Watu hao pia wanajua uchungu wa pambano lisilofanyika. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, eneo lililokuwa zamani sehemu ya Wilaya ya Mbulu, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch Februari 2, 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akimtangulia John Walker wa New Zealand. Marudiano yaliyosubiriwa na dunia nzima katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 hayakufanyika, kwani Tanzania na nchi nyingi za Afrika ziliisusia michezo hiyo kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Walker alichukua dhahabu bila Bayi kuwapo.

Bayi alikosa Olimpiki moja kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, na mwaka 1980 alirejea akapata medali ya fedha mjini Moscow. Huko Marekani alikuwapo mwanamichezo aliyekosa ligi kuu ya nchi yake maisha yake yote ya uchezaji, kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Jina lake ni Josh Gibson, na mchezo wake ulikuwa besiboli.

Besiboli kwa kifupi

Hapa nchini besiboli ni mchezo mgeni. Ulianza kuchezwa katika baadhi ya shule miaka ya 2010 kwa msaada wa Wajapani, na Shule ya Sekondari Azania ya Dar es Salaam ni miongoni mwa vituo vyake.

Mrushaji hutupa mpira kwa kasi, na mpigaji wa timu pinzani hujaribu kuupiga kwa rungu la mbao. Akiupiga vyema hukimbilia vituo vilivyopangwa uwanjani, na akivizunguka vyote vinne timu yake hupata pointi. Nyuma ya mpigaji huchutama mdakaji, anayepokea mipira inayompita. Mpigaji akishindwa mara tatu, hutolewa. Lakini akiupiga mpira ukavuka ukuta wa uwanja, huzunguka vituo vyote bila kubughudhiwa. Pigo hilo huitwa homurani, na ndilo linaloinua mashabiki vitini kama goli la dakika ya mwisho.

Gibson alikuwa mdakaji, kazi ngumu inayochosha magoti na mgongo. Wadakaji wengi huwa si wapigaji wakubwa. Yeye alikuwa mpigaji wa homurani wa kutisha kuliko wote wa zama zake katika ligi za watu weusi.

Kutoka Georgia hadi Pittsburgh

Joshua Gibson alizaliwa Desemba 21, 1911 katika mji mdogo wa Buena Vista, jimboni Georgia, kusini mwa Marekani. Baba yake, kama maelfu ya watu weusi wa kizazi kile, aliyakimbia mashamba ya pamba na sheria za kibaguzi za kusini akaenda kutafuta kazi katika viwanda vya chuma vya Pittsburgh. Familia ilimfuata katika miaka ya 1920.

Kijana Josh alisomea ufundi umeme, akafanya kazi viwandani na kuendesha lifti katika duka kubwa. Jioni alicheza besiboli katika timu za mitaani. Alikuwa na kimo cha zaidi ya futi sita, kifua kipana na mikono yenye nguvu za ajabu, na sifa zake zilienea upesi mjini.

Julai 1930, akiwa na umri wa miaka 18, alijiunga na Homestead Grays, timu kubwa ya watu weusi ya eneo hilo. Simulizi inayopendwa inasema kuwa Grays walikuwa wakicheza usiku na Kansas City Monarchs, chini ya taa walizokuja nazo wageni hao, mdakaji wao akaumia kidole, na Gibson akaitwa kutoka jukwaani alikokaa kama mtazamaji.

Furaha hiyo haikudumu. Mwezi uliofuata mkewe kijana, Helen, alifariki dunia akijifungua pacha, mvulana na msichana. Watoto walinusurika na kulelewa na jamaa wa mama yao. Baba yao aliendelea kuzunguka nchi na timu, na marafiki zake waliona kuwa jambo hilo hakulizungumzia sana.

Septemba mwaka huohuo Grays walipambana na Lincoln Giants wa New York katika mfululizo wa mechi za kuwania ubingwa wa mashariki. Gibson alipiga mipira iliyozungumzwa kwa miaka mingi, mmoja wao katika Uwanja wa Yankee, nyumbani kwa nyota mzungu Babe Ruth. Tangu hapo wengi walimwita Babe Ruth mweusi. Wapo mashabiki waliosema kuwa jina hilo lilipaswa kugeuzwa: Ruth ndiye aitwe Gibson mweupe.

Upinzani wa mji mmoja

Mwaka 1932 Gibson alihamia kwa mahasimu wa mji huohuo, Pittsburgh Crawfords. Msomaji aliyezoea Simba na Yanga ataelewa mara moja uzito wa uhamisho huo. Mmiliki wa Crawfords, Gus Greenlee, alikuwa tajiri aliyejipatia fedha kwa bahati nasibu haramu ya mitaani, na alijenga uwanja wake mwenyewe wakati timu nyingi za weusi zilipanga viwanja vya wazungu.

Greenlee alikusanya kikosi cha kuogofya. Mbali na Gibson alikuwapo mrushaji Satchel Paige, mkimbiaji James Bell aliyejulikana kama Cool Papa, Oscar Charleston na Judy Johnson. Wote watano waliingizwa baadaye katika Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli.

Maisha yao, hata hivyo, hayakufanana na ya nyota wa ligi ya wazungu. Walisafiri usiku kucha kwa basi, wakanyimwa vyumba hotelini na chakula migahawani, na mara nyingine wakacheza mechi mbili kwa siku. Katikati ya mechi za ligi walicheza na timu za vijiji na viwanda ili kupata fedha. Mapigo mengi ya Gibson yaliruka katika viwanja hivyo, mbele ya watu wachache, pasipo karani wa kuandika.

Mwaka 1937 Crawfords, wakiwa wameishiwa fedha, walimrudisha Grays. Mwaka huohuo yeye na Paige walikwenda Jamhuri ya Dominika kuichezea timu iliyobeba jina la dikteta Rafael Trujillo, ikatwaa ubingwa. Mwaka 1941 alicheza Mexico katika timu ya Veracruz, akapiga homurani 33 katika mechi 94. Katika nchi hizo alilala hoteli yoyote aliyoitaka.

Paige dhidi ya Gibson

Aliporejea Grays mwaka 1942, akiwa bega kwa bega na Buck Leonard, timu hiyo ilikuwa tishio la mashariki. Magharibi walitawala Kansas City Monarchs, na mrushaji wao alikuwa Paige. Marafiki wa zamani wakakutana katika fainali za ligi za weusi.

Mechi ya pili ilichezwa Pittsburgh. Grays wakiwa nyuma, vituo vitatu vilijaa wachezaji wao na zamu ikawa ya Gibson. Homurani moja ingeleta pointi nne. Simulizi maarufu inasema Paige aliwapitisha kwa makusudi wapigaji waliotangulia ili tu akabiliane na Gibson. Watafiti waliopekua magazeti ya siku hizo wameitilia shaka sehemu hiyo. Kilichobaki bila ubishi ni kwamba Paige alirusha mipira mitatu na Gibson akatolewa.

Monarchs walishinda mfululizo huo kwa mechi nne bila, na Gibson hakupata homurani hata moja.

Ugonjwa ulikuwa tayari umemwingia. Kwa miezi kadhaa alilalamika kuumwa kichwa. Mwanzoni mwa Januari 1943 alipoteza fahamu na kulazwa, na ikaelezwa kuwa ana uvimbe katika ubongo. Alikataa upasuaji, akihofia kubaki mlemavu.

Miezi michache baadaye alirudi uwanjani, akawa na msimu bora kuliko yote. Kwa kila zamu 1,000 za kupiga, alifanikiwa kwa kiwango cha 466. Mpigaji anayefikisha 300 huhesabiwa kuwa bora. Grays walitwaa ubingwa mwaka huo na mwaka 1944, mara zote mbili wakiwashinda Birmingham Black Barons.

Mlango usiofunguka

Ligi za wazungu zilikuwa zimewafungia weusi tangu karne ya 19, si kwa kanuni iliyoandikwa bali kwa makubaliano ya chini kwa chini. Leonard alikumbuka kuwa mmiliki wa Washington Senators, Clark Griffith, aliwahi kuwaita yeye na Gibson ofisini na kuwauliza kama wangependa kucheza ligi kuu. Walikubali, lakini mikataba haikuja. Fununu za majaribio kwa Pittsburgh Pirates nazo hazikuzaa matunda.

Mwaka 1945 klabu ya Brooklyn Dodgers ilimsajili Jackie Robinson, kijana aliyekuwa Monarchs kwa msimu mmoja tu. Gibson alikuwa na miaka 33, magoti yamechoka, maumivu ya kichwa hayaishi, na pombe ilikuwa imeanza kumtawala. Alielewa kwamba mlango ungefunguka akiwa amechelewa.

Januari 20, 1947 Josh Gibson alifariki dunia mjini Pittsburgh kwa kiharusi. Alikuwa na miaka 35. Aprili 15 mwaka huo, miezi isiyotimia mitatu baadaye, Robinson aliingia uwanjani akiwa na jezi ya Dodgers. Gibson alizikwa katika Makaburi ya Allegheny, na kwa takriban miaka 30 kaburi lake halikuwa na jiwe la kumtambulisha.

Hesabu iliyochelewa

Mwaka 1972 aliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa pamoja na Leonard, mwaka mmoja baada ya Paige. Kibao chake ukumbini kinasema alipiga karibu homurani 800. Desemba 2020 uongozi wa ligi kuu ulitangaza kuzitambua ligi saba za weusi za kati ya mwaka 1920 na 1948 kuwa ligi kuu, na Mei 2024 takwimu zao zikaunganishwa na za wazungu.

Jina la Gibson likapanda kileleni. Wastani wake wa mafanikio 372 kwa zamu 1,000 ulimshusha Ty Cobb aliyeshika nafasi ya kwanza kwa miongo mingi. Katika kipimo cha nguvu za upigaji alimpita Babe Ruth. Na zile 466 za mwaka 1943, alizozipata akiwa mgonjwa, ndizo rekodi ya msimu mmoja.

Hata hivyo, homurani zake zinazotambuliwa rasmi hazifiki 200. Ligi za weusi zilikuwa na mechi chache rasmi kwa msimu, na mamia ya mechi nyingine hazihesabiwi. Wapo Marekani wanaolalamika kuwa si haki kulinganisha misimu mifupi na mirefu. Hoja hiyo ina uzito wa kihesabu, ila inasahau kwamba ufupi wa misimu hiyo haukuwa uchaguzi wa Gibson, na kwamba Cobb na Ruth nao hawakulazimika kumkabili Paige katika mechi za ligi.

Muda wa Akhwari ulipimwa siku ileile aliyofika, ingawa jua lilikuwa limezama na mshindi alikuwa amekwishapewa medali. Gibson alisubiri miaka 77 baada ya kifo chake, na hata hivyo kilichohesabiwa ni sehemu tu ya alichokifanya.