Stu Ungar, dogo aliyesoma karata za wenzake

Umeshika 10 na 9. Huna hata jozi. Mmebaki wawili tu mezani, na mwenzako, Mansour Matloubi, bingwa wa poka wa 1990, ameweka hela zake zote. Wewe ungetupa karata. Stu Ungar alifikiri kidogo, akaamua jamaa ana 4 na 5 au 5 na 6, akafuata dau. Kweli, zilikuwa 4 na 5!

Mkicheza watu tisa, karata hafifu hazina lako. Ana kwa ana ni mambo mengine: unamcheza mtu. Na hapo Ungar alikuwa noma.

Alizaliwa New York mwaka 1953. Alianza na rami, akawafilisi watu hadi wakakataa kucheza naye, ndipo akaingia poka. Mwaka 1980, akiwa na miaka 26, alitwaa ubingwa wa dunia Las Vegas kwa kumbwaga Doyle Brunson, bingwa mara mbili. Akarudia 1981.

Kisha kokeini. Katika mashindano ya 1990 alikutwa sakafuni hotelini, hajitambui. Mchezo ukaendelea bila yeye, na chipsi alizoacha mezani zikamfikisha nafasi ya 9!

Mwaka 1997, Billy Baxter alimlipia kiingilio cha dola 10,000. Akashinda dola milioni 1, wakagawana.

Novemba 1998 alipatikana amefariki kwenye moteli Las Vegas, akiwa na miaka 45. Pesa za mazishi zilichangwa na marafiki.