William Stanley Jevons, Mwingereza aliyehesabu makaa ya mawe ya nchi yake

Kabla ya kujulikana kwa kitabu, William Stanley Jevons alikuwa mpimaji wa dhahabu. Kazi hiyo watu wa Bunia na Bukavu wanaijua: dhahabu inaletwa, mpimaji anasema ni safi kiasi gani. Yeye aliifanya Sydney, Australia, kwenye kiwanda cha serikali cha kutengeneza sarafu, tangu mwaka 1854 akiwa na miaka 19.

Alizaliwa Liverpool tarehe 1 Septemba 1835. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa chuma, na mwaka 1848 biashara ya familia ilifilisika. Pengine ndiyo sababu hakuamini utajiri unaoonekana hauna mwisho. Mshahara wa Sydney ulikuwa mzuri, lakini mwaka 1859 aliuacha akarudi London kusoma.

Kitabu chake juu ya makaa ya mawe (si makala yetu ya kupikia) kilitoka mwaka 1865. Wakati huo treni, meli na viwanda vya Uingereza vilikula makaa hayo. Wengi waliuliza ni tani ngapi zimebaki chini ya ardhi. Jevons aliangalia upande mwingine: matumizi yalikuwa yakiongezeka kwa asilimia 3,5 kila mwaka. Kwa mwendo ule, mwaka 1961 peke yake ungehitaji tani zaidi ya bilioni 2,6. Jambo hilo haliwezekani. Makaa hayangeisha siku moja. Migodi ingezidi kwenda chini, bei ingepanda, na ukuaji wa uchumi ungesimama zamani kabla ya kipande cha mwisho kutolewa.

Basi tutengeneze mashine zinazokula kidogo, wengine walijibu. Hapo Jevons aliwaonyesha Scotland. Kati ya 1830 na 1863, makaa yaliyohitajika kwa tani moja ya chuma yalipungua hadi chini ya theluthi. Lakini matumizi yote ya makaa kwa kazi hiyo yaliongezeka mara kumi! Chuma kilishuka bei, wanunuzi wakaongezeka, viwanda vipya vikafunguliwa. Wachumi wa leo bado wanaliita jambo hilo kwa jina lake.

Mwaka 1866 waziri wa fedha, Gladstone, aliutumia wasiwasi huo bungeni kutaka deni la taifa lipunguzwe, na serikali ikaunda tume ya kuchunguza makaa. Mwaka huohuo Jevons akawa profesa Manchester.

Alikosea pia. Petroli aliidharau, na zile bilioni hazikufikiwa kamwe. Uchimbaji wa Uingereza ulifika kileleni mwaka 1913, karibu tani milioni 290, kisha ukaanza kushuka. Kellingley, mgodi mkubwa wa mwisho wa kina kirefu, ulifungwa Desemba 2015.

Jevons alizama baharini karibu na Hastings tarehe 13 Agosti 1882, akiogelea. Alikuwa na miaka 46, na aliacha mke na watoto watatu. Aliwaachia pia karatasi. Mchumi Keynes alisimulia kwamba Jevons, akiogopa karatasi nazo zitaadimika, alinunua na kuweka akiba kubwa ya karatasi za kuandikia na za kufungia vitu. Miaka zaidi ya 50 baada ya kifo chake, watoto wake walikuwa bado hawajazimaliza zile za kufungia vitu.