ABU MIHJAN: MLEVI ALIYERUDI MWENYEWE KIFUNGONI



Katika mji wetu huu wa Eldoret wako ndugu zetu walioshikwa na ulevi. Wengine hunywa busaa na chang'aa kwa kujificha, wengine hadharani. Jamaa zao huwavisha hirizi na kuwanywesha kombe. Kombe lisipofaa, huwalaani na kuwatupa. Basi leo twawakumbusha khabari za Sahaba mmoja, ili aliyeshikwa asikate tamaa, na sisi tulio salama tuone haya.

Naye ni Abu Mihjan, mtu wa Taif, wa kabila la Thaqif, mshairi na shujaa. Waislamu walipouzunguka mji wa Taif mwaka 8 wa Hijra (630), yeye alikuwa upande wa pili akiwapiga mishale. Mwaka uliofuata kabila lake lilisilimu, naye akasilimu pamoja nao. Walakini pombe aliipenda tangu zama za ujahili, na mapenzi hayo hayakumtoka siku aliyotamka shahada. Hata katika mashairi yake aliusia azikwe chini ya mzabibu.

Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa Khalifa alimpiga viboko kwa ulevi si mara moja, wako wapokezi waliohisabu mara saba. Mwisho akaamrisha ahamishwe. Abu Mihjan akamtoroka mlinzi wake, akaenda Iraq kwenye jeshi la Saad bin Abi Waqqas (r.a.), lililokuwa likipambana na Waajemi hapo Qadisiya, yapata mwaka 15 (636). Huko akafungwa minyororo ndani ya ngome.

Vita vikapamba moto. Saad mwenyewe alikuwa mgonjwa, hawezi kupanda farasi, akitazama kutoka juu ya ngome. Abu Mihjan ikamuuma kuwa wenzake wanakufa, naye amefungwa kwa sababu ya kinywaji. Akamwomba Salma, mkewe Saad, amfungue na amwazime Balqaa, farasi wa mumewe. Akaahidi kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba akisalimika atarudi na kujitia minyororo mwenyewe. Salma kwanza alikataa, kisha akamhurumia, akamfungua.

Akapigana hata watu wakastaajabu, hawajui ni nani. Saad alimtambua farasi wake, akautambua na upigaji ule wa mkuki. Lakini alijua kuwa Abu Mihjan yuko kifungoni. Usiku vita vilipotulia, Abu Mihjan akarudi ngomeni, akaitia miguu yake minyororoni. Hapana aliyemfuata wala aliyemshika.

Salma alipomweleza mumewe, Saad akamfungua na akaahidi kutompiga tena kwa ulevi. Hapo ndipo Abu Mihjan alipotubu. Alieleza kwamba zamani alikuwa akinywa akijua kuwa viboko vitamsafisha. Sasa ameachiwa, hana cha kumsafisha illa toba yake, basi hatainywa tena.

Ndugu msomaji, zingatia. Viboko vyote vile havikumwachisha. Aliaminiwa mara moja, akatimiza ahadi ya siku moja, na toba ikaja juu ya ahadi iliyotimizwa. Anayetaka kuacha ulevi na akiri mbele ya Mola wake, aahidi kwa siku ya leo, aitimize. Na kesho vivyo hivyo. Akianguka, arudi mwenyewe, asingoje kukamatwa. Nasi tukumbuke kuwa Mtume (s.a.w.) alimkataza mtu kumlaani mlevi aliyeletwa mara nyingi kupigwa, akashuhudia kuwa yule ampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake.

Wala tusidharau utabibu. Aliyezoea kunywa sana kila siku, akiacha kwa ghafla huweza kutetemeka hata kushikwa na kifafa. Na apelekwe hospitali. Tena hapa hapa Eldoret, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa wagonjwa wa Ukimwi waliokuwa wanywaji, walipokutana kwa vikundi mara 6 na washauri wasiokuwa madaktari, walipunguza kunywa. Mtu hupona pamoja na wenziwe.

Basi mlevi akija mlangoni mwa msikiti naye amelevuka, anataka kurudi, ni nani kati yetu atakayemfungulia kama Salma? Na ni nani atakayemngoja usiku, akiamini kuwa atarudi?

Wabillahi tawfiq.